Maji Yanayomngoja Samaki

Mtu anayetaka samaki wa kufuga nyumbani karibu kila mara huanza na samaki mwenyewe. Humwona mahali, akapenda rangi yake, akamnunua au akapewa na mvuvi, akambeba ndani ya chupa yenye maji, na akifika nyumbani ndipo swali la chombo linapoulizwa. Bakuli la kioo huoshwa kwa sabuni, maji ya bomba au ya mvua humiminwa humo, samaki hutiwa, na chakula hunyunyizwa kwa ukarimu wa siku ya kwanza. Siku ya tatu au ya nne maji huwa meupe kama yaliyooshea mchele. Samaki hupanda juu, mdomo ukigusa uso wa maji, mashavu yakipepea haraka haraka. Kabla ya wiki mbili kwisha ametupwa, na watu wa nyumba wanasema alikuwa mgonjwa tangu alikotoka, au kwamba samaki wa kufuga si mnyama wa huku kwetu. Nabishana na hukumu hiyo. Samaki yule mara nyingi alikuwa mzima. Maji ndiyo yaliyokuwa hayajakomaa. Anayefuga samaki hufuga maji kwanza, na samaki ni mkaazi wa maji hayo. Nalisema hili nikilitazama Bonde la Lambwe, lililokaa kati ya milima ya Gwassi na Gembe upande mmoja na ukingo wa Kanyamwa upande wa pili, kwa sababu hapa ushahidi wake umejaa tele: ziwa liko karibu, na kumbukumbu ya ziwa lilivyokuwa iko karibu zaidi.

Kumbukumbu hiyo inaanza na fulu. Kwa Wajaluo na Wasuba wa pwani hii jina hilo moja lilitosha kwa umati mzima wa samaki wadogo ambao wanasayansi waliwagawa katika aina takriban 500, karibu zote zikiwa hazipatikani popote pengine duniani. Katika miaka ya 1970 fulu walikuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani. Sangara, ambaye huku huitwa mbuta, aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 umati ule wa fulu ulikuwa umeporomoka hata ukabaki chini ya sehemu moja kwa mia. Hadithi hiyo inajulikana, na kila mtu humlaumu mbuta. Sehemu isiyosimuliwa sana ni ile ya maji. Mbolea na udongo wa mashambani, maji taka ya miji, miti iliyokatwa milimani, vyote viliteremka ziwani, mwani ukazidi, na maji yaliyokuwa yakipitisha mwanga hadi mbali yakawa kijani mazito. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha jambo ambalo nadhani kila mfugaji wa samaki angelisoma mara mbili. Dume la fulu hutambuliwa na jike wa aina yake kwa rangi: huyu bluu, yule mwekundu, mwingine manjano. Maji yakiwa machafu, mwanga hupotea, rangi hazionekani, majike huchagua madume wasio wa aina yao, na aina mbili zilizojitenga kwa maelfu ya miaka huyeyuka kuwa moja. Hakuna aliyewala na hakuna aliyewavua. Walipotea kwa sababu maji yao yaliacha kuwa maji yao.

Upande wa pili wa ushahidi huo uko Siaya, katika kinamasi cha Yala. Ziwa Kanyaboli, dogo, limezungukwa na mafunjo, na ndani yake ngege, yaani perege wa asili, na baadhi ya fulu walisalia wakati ziwa kubwa lilipokuwa linawapoteza. Hakuna aliyewawekea walinzi. Uozo wa mafunjo hunyonya oksijeni, maji ya humo ni mazito na yenye hewa kidogo, na mbuta, ambaye anahitaji oksijeni nyingi, hapendi kuyapita. Yaleyale yanayofanya kinamasi kionekane kibaya machoni petu yalikuwa ngome. Hapo najifunza kwamba maji mazuri hayapimwi kwa ung'avu unaopendeza macho ya binadamu. Hupimwa kwa mwili wa samaki anayekusudiwa kuishi humo. Swali la kwanza la anayeandaa tangi la kioo kwa hiyo ni kutaka kujua maji gani, na kwa ajili ya nani.

Twende basi ndani ya kioo. Samaki hutoa taka yake nyingi kupitia mashavu kwa umbo la amonia, na chakula kilichobaki chini nacho huoza kuwa amonia. Ziwani sumu hiyo hupotea katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya lita 40 haina pa kwenda. Kinachomwokoa samaki ni bakteria wasioonekana ambao hukaa juu ya mchanga, mawe, majani na sifongo la chujio: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa na mimea huila. Sergei Winogradsky, Mrusi aliyefanya kazi yake mwishoni mwa karne ya 19, ndiye aliyewatambua bakteria wa aina hiyo kwenye udongo. Mkulima wa Lambwe anawategemea shambani kila msimu bila kuwaita kwa jina. Lakini bakteria hao hawaji na kioo kipya. Huchukua kati ya wiki nne na sita kuongezeka hadi watoshe, na katika wiki hizo tangi lina njaa ya kazi yao. Yale maji meupe ya siku ya tatu ni dalili kwamba vijidudu vimeanza kugombania chakula kabla ya mpangilio kupatikana. Samaki anayetiwa siku ya kwanza ametiwa ndani ya nyumba isiyo na choo.

Kwa Lambwe jambo hili ni kali zaidi, na sababu iko chini ya miguu yetu. Mlima Homa na vilima vya Ruri ni mabaki ya volkeno za namna ya pekee, zenye miamba iliyojaa kaboneti, kwa hiyo maji ya visima vingi vya eneo hili huwa magumu na yenye magadi. Mama anayejua kisima ambacho sabuni yake haitoi povu ameshafanya kipimo cha kwanza. Ugumu wenyewe si adui wa samaki wa ziwa hili, kwani fulu na jamaa zake hupenda maji yenye magadi kidogo kuliko yenye uchachu. Shida ni kwamba amonia ina sura mbili, moja hafifu na moja kali, na kinachoamua ni ipi itawale ni kipimo cha pH pamoja na joto. Katika maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, sura kali haifikii hata asilimia 1 ya amonia yote. pH ikipanda hadi 8 inakuwa kama asilimia 5, na ikifika 9 inazidi theluthi moja. Maana yake, taka ileile ya samaki mmoja ambayo ingevumilika katika maji ya mvua inaweza kuua katika maji ya kisima. Maji ya mvua yanayotoka kwenye mabati nayo yana udhaifu wake: hayana madini, hivyo pH yake huyumba na kushuka ghafla, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Njia niionayo ya busara ni kuyachanganya, mvua iliyotuama pamoja na kisima kisicho na chumvi nyingi, kisha kushikilia mchanganyiko huohuo mwaka mzima. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini huachwa wazi kwenye ndoo siku nzima kabla ya kutumiwa. Na asiyeamini kwamba kemia ya maji inaweza kufunga mlango kabisa aende Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay: ziwa zuri, flamingo wapo, maji yapo tele, na samaki hakuna hata mmoja kwa sababu ya magadi.

Kuna watakaosema kwamba ninamkuza samaki mdogo kupita kiasi, kwamba mnyama hujizoesha. Jibu langu nalitoa kwa mnyama mkubwa. Katikati ya mwaka 2018 vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru kwenda hifadhi mpya ndani ya Tsavo Mashariki. Walikuwa wazima. Uzio ulikuwepo, madaktari walikuwepo. Maji ya kisima ya huko yalikuwa na chumvi kuliko waliyoyazoea. Walikunywa, chumvi ikawaongezea kiu, kiu ikawafanya wanywe zaidi, na 10 wakafa ndani ya wiki chache, wa 11 akishambuliwa na simba. Kenya nzima ilihuzunika. Sisi wa upande huu tuna sababu ya kulifikiria hilo kwa utulivu, kwa kuwa katikati ya bonde letu ipo Ruma, kilomita za mraba 120, iliyotengwa mwaka 1966 kama hifadhi ya Bonde la Lambwe na kufanywa mbuga ya taifa mwaka 1983, makao ya mwisho ya swala korongo nchini Kenya. Vifaru waliletwa huko nao mwanzoni mwa miaka ya 2010, na wakakaa. Mnyama aliyezungushiwa mpaka hawezi kuondoka kwenda kutafuta maji mengine. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya porini na kifungoni, na haipungui kwa kuwa mnyama ana urefu wa kidole.

Pingamizi lenye nguvu zaidi hutoka kwa watu waliokulia kando ya mito. Wanasema: mbona samaki huishi kwenye dimbwi la matope la Mto Lambwe wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache na ya kunuka, bila chujio wala pampu? Ni kweli huishi, lakini tuwatazame ni akina nani. Ni kamongo na mumi, yaani kambare. Kamongo ana mapafu na hupanda juu kuvuta hewa kama sisi. Mumi ana kiungo cha ziada juu ya mashavu kinachomwezesha kupumua hewa ya juu, ndiyo maana hupatikana akitambaa kwenye majani yenye umande. Hawa hawathibitishi kwamba dimbwi ni zuri. Wamebeba mlango wa kutorokea mwilini mwao, na fulu aliyekuwa katika dimbwi hilohilo alikufa mapema bila kuonekana. Kosa hilohilo la kufikiri ndilo lililoeneza bakuli duniani. Samaki mpiganaji wa Siam, anayeuzwa ndani ya glasi, naye hupumua hewa ya juu, kwa hiyo huchelewa kufa, na kuchelewa kwake kukachukuliwa kuwa ni raha. Samaki wa dhahabu, ambaye asili yake ni China na ambaye akitunzwa huishi miaka zaidi ya 20 na kukua hadi kuzidi kiganja, aliwekwa humo kwa mazoea tu. Mwaka 2005 jiji la Roma lilipiga marufuku bakuli za mviringo kwa samaki. Sheria hiyo wengine waliiona ya ajabu. Mimi naiona ya haki, maana bakuli lina uso mdogo wa kupokea hewa, na huku kwetu hewa yenyewe ni nyepesi: tukiwa juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko maji ya Mombasa yenye joto sawa.

Neno dogo pia linadanganya. Tunasema tangi dogo tukidhani ni kazi ndogo, na tunampa mtoto, au tunaanza nalo kama jaribio. Maji machache huchafuka upesi, hupata joto upesi saa saba mchana na kupoa upesi alfajiri, na kosa la kijiko kimoja cha chakula ndani yake ni kosa kubwa. Kwa hiyo anayeanza na kidogo anaanza na kigumu. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54, na hapo ndipo ningeweka kipimo cha chini kwa asiye na uzoefu. Fundi wa vioo wa mjini Homa Bay au Mbita, yule anayekata vioo vya madirisha, anaweza kulitengeneza kwa vioo vya milimita 6, ilimradi silikoni yake iwe ile isiyo na dawa ya kuua ukungu, maana dawa hiyo huua samaki pia. Silikoni ya kawaida hunuka siki inapokauka. Harufu ikiisha kabisa, baada ya siku kadhaa, tangi hujazwa nje ya nyumba na kuachwa usiku kucha lionekane kama linavuja. Meza ipimwe kwa pimamaji, kwa kuwa lita 54 ni kilo 54 kabla ya kuhesabu kioo na mchanga, na meza iliyopinda hupasua kona. Mahali pa kuliweka ni mbali na dirisha, kwani jua la Lambwe litaligeuza kuwa bwawa la mwani katika wiki mbili.

Kuhusu kungoja wiki sita huku kioo kikiwa kitupu, wengi huona ni ugeni wa vitabu. Si ugeni. Mfugaji wa ngege wa bwawani hufanya hivyohivyo. Tangu mwaka 2009, serikali ilipoanza kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, maofisa wa uvuvi walifundisha kote Nyanza kwamba bwawa jipya hutiwa chokaa, kisha samadi, kisha hungojwa mpaka maji yawe kijani, na mtu akizamisha mkono asikione kiganja maji yakifika kwenye kiwiko, ndipo vifaranga waletwe. Waliopuuza walizika vifaranga wao. Hakuna mkulima aliyeona aibu kukaa na bwawa lisilo na samaki kwa wiki mbili. Ndani ya nyumba kanuni ni ileile, ila badala ya samadi mtu hutia vumbi la omena kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili, kila siku mbili au tatu, lioze na kuwalisha bakteria. Na akipata mchanga au sifongo kutoka tangi la zamani la mtu mwingine, lenye afya, muda hupungua sana. Vipimo vya matone vya amonia na nitriti vikipatikana, siku ambayo vyote viwili vimesoma sifuri baada ya kupanda ndiyo siku. Visipopatikana, kalenda ndiyo kipimo, na uvumilivu wa ziada haujawahi kumdhuru samaki.

Mimea huja katika wiki hizo za kungoja. Robert Warington, mkemia wa London, alieleza mwaka 1850 jinsi alivyoweka samaki wawili wadogo wa dhahabu pamoja na mmea wa majani marefu ya mkanda ndani ya chombo kimoja. Majani yaliyooza yakachafua maji, akaongeza konokono waliokula uozo huo, na chombo kikatulia. Ufugaji wa samaki wa kioo ulipata msingi wake mmoja hapo, na msingi huo ulikuwa kutengeneza maji. Mimea ina maana kubwa zaidi kwetu kwa sababu stima hupotea. Chujio likisimama saa nyingi, bakteria waliomo hukosa hewa na kufa, nalo likiwashwa tena humwaga uozo wao ndani ya tangi. Mwenye paneli ndogo ya sola na pampu ya hewa amejikinga. Asiye nazo aweke mimea mingi na samaki wachache, akubali uchache huo kuwa ndio mpango wenyewe. Tahadhari moja ya Lambwe siwezi kuiacha. Mtu asichote mimea na konokono Mbita au Sindo na kuwatia moja kwa moja. Konokono wa ziwa wanaweza kubeba kichocho, ugonjwa ulioenea pwani hii, na mkono unaosafisha tangi ni mkono wa mtoto wa nyumba. Mmea uoshwe, uchunguzwe jani kwa jani, ukae kwenye ndoo peke yake kwa wiki kadhaa, na anayeushika asitumbukize mikono mitupu.

Wengine hawabishani na mbinu. Wanabishana na jambo zima. Wanauliza: katika bonde ambalo wasichana hubeba mitungi ya lita 20 kutoka mbali, ni haki kuweka maji lita 54 kwa ajili ya kutazamwa? Naliheshimu swali hili kuliko yote. Nyumba ambayo maji ya kunywa ni ya shida isifuge samaki, na sitafuti njia ya kulizunguka jibu hilo. Lakini penye tangi la mvua, hesabu ni tofauti na inavyodhaniwa. Tangi lililokomaa halimwagwi lote. Hutolewa robo kwa wiki au pungufu, yaani lita kumi hivi, na maji hayo yenye nitrati ni mbolea ya sukuma wiki. Bustani ingemwagiliwa hata hivyo. Anayeliogopa kwa ajili ya mbu naye ana haki ya kuuliza, Homa Bay ikiwa miongoni mwa kaunti zinazoumizwa zaidi na malaria. Mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama yasiyo na mlaji. Penye samaki, viluwiluwi vya mbu huwa chakula, na cha bora. Na kwa anayesema samaki ni kitoweo, si pambo, nitasema tu kwamba fulu aliyekuwa kitoweo cha maskini alikaribia kutoweka bila vijana wengi wa hapa kumwona akiwa hai, akibadilisha rangi yake mbele ya jike. Baadhi ya aina zake ziliokolewa kwa kufugwa kwenye vioo vya Uholanzi, Uingereza na Marekani wakati ziwa lilipokuwa linazipoteza. Sioni kwa nini mtoto wa Leiden kule Uholanzi amjue samaki huyo kuliko mtoto wa Magunga.

Ndiyo maana samaki ambaye ningemtaka ndani ya kioo cha Lambwe ni wa beseni la ziwa hili. Fulu wengi ni wagomvi na lita 54 hazitoshi madume wawili. Yupo jamaa yao mdogo wa vinamasi vya mafunjo, ambaye wanasayansi humwita Pseudocrenilabrus multicolor victoriae, asiyezidi urefu wa kidole cha mtu mzima, aliyezoea hewa kidogo. Jike wake hubeba mayai na watoto mdomoni, na kwa muda huo hali. Dume mmoja na majike wawili au watatu, mchanga laini uliooshwa mpaka maji yatoke safi, chungu kilichovunjika cha kujificha: hiyo ni nyumba kamili. Asitafutwe kimyakimya. Kukamata na kusafirisha samaki hai ni jambo linalosimamiwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na ofisi ya uvuvi ya kaunti ndiyo ya kuuliza. La pili lina uzito zaidi kwangu: samaki, mmea, hata maji ya tangi visimwagwe mtoni kamwe. Mto Lambwe unaingia ziwani. Gugumaji lililoziba ghuba ya Homa Bay mara nyingi hata mitumbwi ikashindwa kutoka lilitoka Amerika ya Kusini, na lilisafirishwa duniani kwa uzuri wa maua yake, liwe pambo la vidimbwi vya bustani. Mbuta aliletwa kwa nia njema vilevile. Anayechoka na samaki wake amtafutie mfugaji mwingine. Maji ya kubadilisha yaende shambani, mbali na mkondo.

Siku ya kumleta, basi, inapofika kwa zamu yake, ni siku ya kazi ndogo. Taa huzimwa. Chombo alichokuja nacho huelea ndani ya tangi nusu saa ili joto lilingane, kisha kikombe kimoja cha maji ya tangi huongezwa humo kila baada ya dakika tano au kumi mpaka chombo kiwe kimejaa maji ya nyumbani zaidi ya yale ya safari. Samaki hutolewa kwa wavu mdogo, maji ya safari yakimwagwa nje kwenye udongo. Siku hiyo hapewi chakula. Atakaa chini ya chungu, rangi imefifia, na watoto watasema ameugua. Kesho yake asubuhi hupewa chembe anazoweza kumaliza kwa dakika mbili, zisizobaki hata moja juu ya mchanga, na mtu hukaa kwenye kiti kutazama mashavu yake yakipanda na kushuka polepole.